Nikolasi wa Myra: Askofu aliyegeuzwa Baba Krismasi

Kila inapoingia Desemba, mzee mnene mwenye ndevu nyeupe na joho jekundu huonekana katika maduka makubwa ya London na Chicago, na pia ya Nairobi na Dar es Salaam. Katika miji hii miwili ya mwisho huo ni msimu wa joto, na kijana aliyekodiwa kuvaa joho la manyoya hutokwa jasho mbele ya watoto wanaopanga foleni kupiga naye picha. Wengine humwita Baba Krismasi, wengine Santa Claus. Jina hili la pili ndilo lililobeba asili yake. Ni jina la Mtakatifu Nikolasi kama lilivyotamkwa na Waholanzi, likavushwa bahari hadi Marekani, kisha likatawanyika duniani likiwa limebadilika kiasi ambacho mwenyewe asingelitambua.

Maana Nikolasi alikuwa mtu. Alikuwa askofu wa Myra, mji wa kusini mwa nchi ambayo leo ni Uturuki, katika karne ya 4. Hakuwa na uhusiano wowote na Ncha ya Kaskazini, na picha za kale zinamwonyesha akiwa mzee mwembamba mwenye paji pana la uso na macho makali. Na jambo lililompa sifa kwanza miongoni mwa watu wake halikuwa zawadi wala watoto. Lilikuwa upanga alioupokonya mkononi mwa askari mbele ya umati.

Kidogo kinachojulikana

Nikolasi hakuacha kitabu, barua wala wosia. Ikiwa yuko mtu aliyemjua uso kwa uso akaandika habari zake, maandishi hayo hayakutufikia. Mapokeo yanasema alizaliwa katika mji wa Patara, pwani ya jimbo la Lycia, yapata mwaka 270, kwa wazazi Wakristo wenye mali waliofariki dunia yeye akiwa bado kijana, wakamwachia urithi. Kama ilivyo kwa watakatifu wengi, siku ya kufa kwake inakumbukwa vizuri zaidi kuliko ya kuzaliwa. Ni tarehe 6 Desemba, na mwaka unaotajwa mara nyingi ni 343.

Kazi ya mwanahistoria imefanywa ngumu zaidi na Nikolasi wa pili. Huyu aliishi karne ya 6 katika milima iliyo karibu na Myra, akaongoza monasteri ya Sayuni Takatifu, kisha akawa askofu wa Pinara, na kufariki mwaka 564. Waandishi waliokuja baadaye walichanganya maisha ya wawili hao wakayafanya ya mmoja. Hata majina ya Epiphanius na Nonna, ambayo vitabu vingi vinayataja kuwa ya wazazi wa askofu wa Myra, ni ya wazazi wa huyo wa Sayuni.

Kinachojulikana kwa hakika ni zama alizoishi. Mwaka 303 Kaisari Diokletiano alianza kuwatesa Wakristo wa Dola la Kirumi. Makanisa yalibomolewa, vitabu vikachomwa moto, maaskofu wakatiwa gerezani. Mapokeo yanamweka Nikolasi miongoni mwa wafungwa hao. Miaka kumi baadaye upepo ukageuka. Kaisari Konstantino akaruhusu dini iliyokuwa imepigwa marufuku, na mwaka 325 akawaita maaskofu wa dola lake katika mji wa Nisea. Je, Nikolasi alikuwepo? Baadhi ya orodha za waliohudhuria zina jina lake, nyingine hazina. Athanasi wa Iskandaria, aliyekuwepo na aliyeandika mengi kuhusu mabishano ya siku zile, hamtaji hata mara moja. Ile hadithi inayopendwa sana, kwamba alimpiga kofi mzushi Arius katikati ya kikao, inajitokeza kama miaka elfu moja baada ya mtaguso wenyewe, na ni afadhali iachwe ilipo.

Upanga na hongo

Maandishi ya zamani zaidi kumhusu Nikolasi yanasimulia mambo ya siku chache tu. Yalikuwa yamekwisha kuandikwa kabla ya karne ya 6 kumalizika, kwa kuwa padri mmoja wa Konstantinopoli, Eustratius, anayataja. Hayasemi lolote kuhusu utoto wake wala miujiza ya kuzaliwa kwake. Yanaanza na mahakama.

Konstantino alikuwa ametuma majemadari watatu, Nepotianus, Ursus na Herpylion, kwenda kuzima maasi katika jimbo la Frigia. Hali ya bahari iliwalazimisha kutia nanga Andriake, bandari ya Myra. Askari wao waliposhuka sokoni walianza kupora, na wenyeji wakapambana nao. Askofu akateremka bandarini kutuliza ghasia, akawakaribisha majemadari mjini. Akiwa bado huko, watu wakamjia mbio na habari kwamba liwali wa jimbo, Eustathius, alikuwa amepokea hongo na kuwahukumu kifo raia watatu wasio na hatia. Walilalamika kwamba kama askofu angekuwa mjini, jambo hilo lisingefanyika.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana hali hiyo. Hakimu amekula, maskini hana wakili, na hukumu inatekelezwa upesi kabla mwenye uwezo wa kuuliza hajarudi.

Nikolasi aliondoka palepale, majemadari wakimfuata. Njiani aliuliza kila alipopita, akiambiwa wafungwa wamekwisha kupitishwa, mpaka alipofika uwanja wa kunyongea. Aliwakuta watatu hao wamepiga magoti, mikono imefungwa nyuma, nyuso zimefunikwa kitambaa, shingo zimenyooshwa. Mwenye upanga alikuwa amekwisha kuuinua. Askofu alimshika, akaupokonya ule upanga na kuutupa chini, akawafungua wafungwa kwa mikono yake mwenyewe na kurudi nao mjini. Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa liwali na kuusukuma mlango. Eustathius alijaribu kuwasingizia wakubwa wawili wa mji kuwa ndio waliompotosha. Nikolasi alimjibu kwamba waliompotosha walikuwa dhahabu na fedha, si watu. Liwali alitubu, na askofu akamsamehe baada ya mashtaka kufutwa.

Kisa hakiishii hapo. Majemadari walimaliza kazi yao Frigia wakarudi Konstantinopoli kwa heshima kubwa. Haukupita muda mrefu, mahasidi wakampelekea Ablabius, aliyekuwa mkono wa kulia wa Kaisari katika utawala, fitina pamoja na dhahabu nyingi. Watatu hao wakashtakiwa kwa njama ya kuipindua serikali, wakafungwa, na amri ikatoka wauawe usiku uleule. Gerezani Nepotianus alimkumbuka askofu wa Myra na yale aliyoyaona kwa macho yake, na wote watatu wakaomba msaada wake. Usiku huo, yasema masimulizi, Nikolasi aliwatokea Konstantino na Ablabius katika ndoto, kila mmoja peke yake, akiwatisha wote wawili kwa maangamizi. Asubuhi majemadari wakaachiwa huru, wakatumwa Myra na zawadi za Kaisari kwa kanisa.

Mwanahistoria hawezi kuthibitisha ndoto. Lakini Ablabius ni mtu wa kweli, aliyeshika madaraka makubwa chini ya Konstantino, na majina ya Nepotianus na Ursus yanapatikana katika orodha ya makonsuli wa miaka ya 336 na 338. Aliyeandika kisa hiki aliijua vizuri serikali ya wakati ule na namna ilivyofanya kazi kwa woga, hongo na uchongezi. Na waliokisikia kwanza walikuwa raia wa dola ambamo liwali aliweza kumwua mtu kwa bei. Walichokitamani hakikuwa mzee wa kuwaletea vitu, bali mtu mwenye ujasiri wa kuingia kwa mkubwa bila kubisha hodi.

Dhahabu dirishani

Kisa cha zawadi kilikuja nyuma. Kinapatikana katika maisha ya Nikolasi yaliyoandikwa na mtawa Mikaeli mwanzoni mwa karne ya 9, yapata miaka mia tano baada ya kifo cha askofu.

Patara palikuwa na mtu aliyekuwa tajiri akafilisika. Alikuwa na binti watatu waliofikia umri wa kuolewa. Hapa ni lazima msomaji wa kwetu ageuze desturi kichwa chini miguu juu, kwa sababu katika nchi zile mwenye kutoa mali hakuwa upande wa mume. Baba wa binti ndiye aliyetoa mali ili mwanawe aolewe, na asiyekuwa nayo alibaki na binti zake nyumbani. Huyu mtu hakuwa hata na chakula, akafikia uamuzi wa kuwatoa mabinti katika ukahaba ili familia iishi. Nikolasi, ambaye alikuwa bado kijana na urithi wake mkononi, alisikia. Usiku alikwenda kimya akarusha mfuko wa dhahabu kupitia dirishani, akaondoka. Binti wa kwanza akaolewa. Akarudia, wa pili akaolewa. Mara ya tatu baba aliamua kukesha. Aliposikia mlio wa mfuko ukianguka alitoka mbio gizani, akamkamata kijana, akamtambua na kumwangukia miguuni. Nikolasi alimwapisha asimwambie mtu yeyote maadamu yeye yu hai.

Waswahili husema tenda wema nenda zako, na hicho ndicho kiini cha kisa. Kijana yule hakuwa akitoa pipi. Alikuwa akinunua uhuru wa wasichana watatu waliokuwa karibu kuuzwa, na alifanya hivyo usiku ili baba yao asidhalilike mbele ya majirani. Katika nchi za baridi, ambako madirisha hufungwa Desemba, wasimulizi baadaye waliihamishia dhahabu kwenye dohani, ikaangukia katika soksi zilizoanikwa motoni zikauke. Soksi zinazotundikwa leo zinatokana na usimulizi huo.

Kipo pia kisa cha njaa. Meli za nafaka ya serikali zilikuwa zikitoka Iskandaria kwenda Konstantinopoli na kupumzika Andriake. Wasomaji wa Matendo ya Mitume watakumbuka kwamba Mtume Paulo, akipelekwa Roma akiwa mfungwa, alipandishwa meli ya Iskandaria palepale Myra. Nikolasi aliwaomba manahodha kila mmoja apunguze vipimo 100 vya ngano kwa ajili ya wenye njaa. Waliogopa, kwa kuwa shehena ilipimwa ilipopakiwa na ingepimwa tena itakaposhushwa. Aliwahakikishia kwamba wasingepungukiwa, na mapokeo yanasema haikupungua. Ghala kubwa la nafaka lililojengwa Andriake zama za Kaisari Hadriani, katika karne ya 2, bado limesimama, na mwaka 2016 lilifunguliwa likiwa jumba la makumbusho.

Mabaharia ndio waliolibeba jina lake zaidi. Walisimulia kwamba aliwatokea katika dhoruba akashika kamba pamoja nao, na kila bandari waliyofika walimjengea kanisa. Katika karne ya 6 Kaisari Justiniani alikuwa na kanisa la Nikolasi katika mji mkuu wenyewe. Kutoka hapo heshima yake ilipanda kaskazini hadi kwa Warusi, ambao hadi leo wanamweka juu ya karibu watakatifu wote.

Mifupa yavuka bahari

Nikolasi alizikwa Myra, na kwa zaidi ya miaka mia saba mahujaji walimwendea huko. Walisema kutoka katika kaburi lake hutoka majimaji yenye kuponya. Kisha mwaka 1071 ulileta misiba miwili kwa Wabizanti. Mwezi Aprili Wanormani waliuteka Bari, mji wao mkuu katika Italia. Mwezi Agosti Waturuki wa Kiseljuki waliwashinda katika vita vya Manzikert, na njia ya kuingia Anatolia ikawa wazi.

Bari ulibaki mji wa wafanyabiashara uliopoteza cheo chake. Ulihitaji kitu cha kuwavuta watu, na hakukuwa na kitu kilichovuta watu katika zama zile kama mifupa ya mtakatifu. Mwaka 1087 meli tatu za Bari zilizokuwa zimepeleka nafaka Antiokia zilikuwa zikirudi. Mabaharia walikuwa wamesikia kwamba Waveneti nao wana nia hiyohiyo, wakaharakisha. Walishuka Andriake wakiwa na silaha, wakaingia kanisani kama wacha Mungu wa kawaida, wakawauliza watawa walinzi mahali mwili ulipolazwa. Watawa wakaonyesha, kisha wakagundua nia ya wageni wao, lakini walikuwa wamechelewa. Baharia mmoja akavunja jiwe kwa chuma. Mifupa ikatolewa kutoka katika majimaji yale, ikafungwa nguoni, ikakimbizwa melini huku watu wa Myra wakifuata hadi majini wakilia na kudai wakombolewe baba yao.

Tarehe 9 Mei 1087 meli ziliingia Bari. Mara moja ukazuka ugomvi kati ya watu wa askofu mkuu na mabaharia kuhusu nani ataihifadhi mifupa hiyo, na damu ikamwagika barabarani. Miaka miwili baadaye Papa Urbano wa 2 alikuja mwenyewe kuibariki madhabahu ya chini ya basilika jipya. Watu wa Bari husherehekea siku ile ya Mei hata sasa. Katika maandishi yao wenyewe waliita tendo lile uhamisho na uokoaji. Watu wa Myra, hakika, wangelitafutia jina jingine.

Waveneti walifika kama miaka kumi na miwili baadaye, wakati wa Vita vya Msalaba vya kwanza, wakazoa vipande vilivyobaki na kuvipeleka katika kisiwa cha Lido. Kwa karne nyingi miji hiyo miwili ilibishana. Katika miaka ya 1950, kaburi la Bari lilipofunguliwa kwa ajili ya matengenezo, mtaalamu wa anatomia Luigi Martino aliipima mifupa na kuichora. Mwaka 1992 alipewa nafasi ya kuichunguza ile ya Venice, akaeleza kwamba vipande vyake vinakamilisha mifupa ya Bari. Kutokana na vipimo hivyo wataalamu wa Uingereza walitengeneza sanamu ya uso wake. Ni mzee mwenye kidevu kipana, na pua iliyowahi kuvunjika vibaya. Wapo waliokumbuka gereza la Diokletiano mara walipoiona pua hiyo, ingawa mifupa yenyewe haisemi nani aliivunja. Mwaka 2017 kipande cha nyonga kinachohifadhiwa Marekani kilipimwa umri huko Oxford, na majibu yakaonyesha ni cha karne ya 4. Hiyo haithibitishi kwamba ni chake, lakini haikanushi.

Wafungwa wageuka watoto

Mabadiliko makubwa yalitokea Ulaya ya magharibi, baada ya mifupa kufika Bari. Kuanzia karne ya 12 kilienea kisa kipya kabisa, kisichojulikana mashariki. Wanafunzi watatu, au watoto watatu, waliuawa na mwenye nyumba ya wageni aliyewakata na kuwatia chumvi katika pipa kama nyama ya kuuza. Nikolasi akaja, akawafufua.

Kilitoka wapi? Baadhi ya wataalamu wanadhani kilitokana na picha. Wachoraji wa zamani walimchora mtakatifu akiwa mkubwa na watu wengine wakiwa wadogo, na wale majemadari watatu waliochungulia kutoka katika mnara wa gereza walionekana, kwa mtu asiyekijua kisa, kama watoto watatu ndani ya pipa. Ikiwa ndivyo, basi mtetezi wa waliohukumiwa kwa hila aligeuka mlinzi wa watoto kwa sababu ya macho yaliyoisoma picha vibaya. Kuanzia hapo watoto ndio walioachiwa sikukuu yake. Usiku wa kuamkia 6 Desemba waliweka viatu nje, na asubuhi wakakuta matunda, karanga na vitamu. Katika nchi za milima ya Alpi askofu alifuatana na shetani mwenye pembe na minyororo, kuwatisha watukutu.

Matengenezo ya Kanisa katika karne ya 16 yalitaka kuwaondoa watakatifu. Katika sehemu za Ujerumani zilizomfuata Martin Luther, Mtoto Kristo alipewa kazi ya kugawa zawadi, na siku ikasogezwa hadi Krismasi. Uholanzi, hata hivyo, iligoma. Serikali za miji ya Kiprotestanti zilipiga marufuku vibanda vya sokoni na mikate yenye sura ya askofu, lakini familia ziliendelea kumpokea Sinterklaas majumbani.

Na ni Uholanzi ambako hadithi hii iliwagusa Waafrika moja kwa moja. Mwaka 1850 mwalimu wa Amsterdam, Jan Schenkman, alichapisha kitabu cha watoto ambamo mtakatifu anafika kwa meli ya mvuke kutoka Hispania akiwa na mtumishi mweusi. Utumwa ulikuwa bado halali katika koloni la Uholanzi la Suriname, na ulifutwa huko mwaka 1863. Mtumishi huyo baadaye akaitwa Zwarte Piet, yaani Piet Mweusi, na kwa zaidi ya miaka mia moja Waholanzi weupe walijipaka masizi usoni, wakavaa nywele bandia za kipilipili, midomo wakaipaka rangi nyekundu na masikioni wakaning'iniza pete za dhahabu. Mtoto wa Kiafrika aliyesoma shule ya Rotterdam au Utrecht alijua kwamba ikifika Novemba wenzake wangemwita kwa jina hilo.

Waliopinga waliambiwa kwa miaka mingi kuwa hawaelewi utani wa wenyeji. Mwaka 2011 vijana wawili weusi walikamatwa katika mji wa Dordrecht kwa sababu ya kuvaa fulana za kupinga desturi hiyo. Agosti 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi wa rangi iliitaka Uholanzi kuirekebisha. Mwaka 2019 maandamano ya kumpokea Sinterklaas yanayoonyeshwa na televisheni ya taifa yalitumia watumishi waliopakwa alama za masizi tu, kama waliopita dohani, na mwaka uliofuata Waziri Mkuu Mark Rutte, aliyekuwa akiitetea desturi, alieleza bungeni kuwa amebadili mawazo. Miji mingi imeiacha, mingine kwa shingo upande. Askofu aliyewafungua kamba wafungwa kwa mikono yake alikuwa amepewa mtumwa, na ilichukua zaidi ya karne moja na nusu kumwondolea.

New York

Marekani ilimpokea Nikolasi kwa sababu za mji mmoja. Mwanzoni mwa karne ya 19 baadhi ya wasomi wa New York, mji ulioanzishwa na Waholanzi, walitaka kuupa historia isiyokuwa ya Kiingereza. John Pintard, mwasisi wa Jumuiya ya Historia ya New York, alimfanya Nikolasi kuwa msimamizi wa jumuiya hiyo, na tarehe 6 Desemba 1810 akagawa picha ambamo mtakatifu bado amevaa mavazi ya uaskofu. Rafiki yake Washington Irving alikuwa amechapisha mwaka mmoja kabla kitabu cha mzaha kuhusu Waholanzi wa zamani wa mji huo, na katika toleo la mwaka 1812 akaongeza Nikolasi anayepaa juu ya miti kwa gari. Huo ulikuwa utani wa wakubwa. Watoto waliuchukulia kwa dhati.

Mwaka 1821 kijitabu kimoja kilimpa kulungu wa nchi za baridi. Tarehe 23 Desemba 1823 gazeti la mji wa Troy lilichapisha shairi lisilo na jina la mwandishi, ambalo baadaye Clement Clarke Moore alikiri kuwa ni lake, ingawa ukoo wa Livingston ulidai ni la babu yao. Ndani yake kulungu wakawa wanane na askofu akawa kizee kifupi chenye kitambi kinachopenya dohani. Kofia ya kiaskofu na fimbo vikatoweka. Mchoraji Thomas Nast, mhamiaji aliyezaliwa Landau, Ujerumani, alimwonyesha kwa wasomaji wa Harper's Weekly katika toleo la tarehe 3 Januari 1863 akiwagawia zawadi askari wa kaskazini vitani, na kwa zaidi ya miaka ishirini aliendelea kumnenepesha na kumpa makazi kule kaskazini mwa dunia. Wengi huamini kwamba joho jekundu ni mali ya Coca-Cola. Matangazo yaliyochorwa na Haddon Sundblom kuanzia mwaka 1931 yalilisambaza tu. Joho hilo lilikuwapo tangu zama za Nast.

Demre

Myra leo unaitwa Demre, mji mdogo wa mkoa wa Antalya unaolima nyanya. Kanisa la Nikolasi lilifukiwa na tope la mto kwa karne nyingi, likafukuliwa, na sasa ni makumbusho. Wakazi ni Waislamu, na mzee wao wanamwita Noel Baba kwa mahaba ya mwenyeji. Mwaka 2009 mwanaakiolojia Nevzat Çevik aliitaka serikali ya Uturuki iiombe Italia iirudishe mifupa. Haijarudi. Ubavu mmoja tu uliruhusiwa kutoka Bari kwa muda, kwenda Urusi mwaka 2017, na zaidi ya watu milioni mbili walipanga foleni kuuona, wengi wao kwa saa nyingi. Kwa Waorthodoksi yeye hakuwahi kuwa mzee wa dukani. Hata Kampala, kanisa kuu la Waorthodoksi wa Uganda lililoko Namungoona lina jina la Mtakatifu Nikolasi.

Mwaka 2000 mchongaji wa Kirusi aliupa mji wa Demre sanamu ya shaba ya askofu, ikasimamishwa uwanjani mbele ya kanisa. Mwaka 2005 halmashauri ya mji iliishusha. Watalii, ilielezwa, hawakuwa wakimtambua. Mahali pake ikawekwa sanamu ya plastiki, ya mzee mnene mwenye joho jekundu na kengele mkononi.